Mswada Kabla ya Mhariri: Jinsi ya Kujihariri Hatua kwa Hatua

"Makosa si kazi ya mhariri?" Swali hili linanifikia kila mara, tena haliji peke yake. Nitume PDF au Word? Nianzie wapi? Nitajuaje kwamba sasa inatosha? Kwa nini mswada umerudishwa na maneno mawili tu, "haujawa tayari"? Nimeona niyajibu yote hapa, mahali pamoja. Nazungumza na wewe uliyemaliza rasimu ya kwanza ya riwaya au ya mkusanyiko wa hadithi fupi kwa Kiswahili. Washairi mtanisamehe, vina na mizani vina mambo yake.

Jibu la swali la kwanza ni hili: mhariri naye ni binadamu. Ukimpa ukurasa wenye makosa ishirini ya tahajia, atashinda akiyaokota hayo, na sura ya saba ambayo haielekei popote itampita. Na kama unamlipa kwa neno au kwa ukurasa, umemlipa fundi akufagilie uwanja.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Rasimu iliyokamilika mpaka mwisho. Sura tatu zilizong'arishwa na hadithi isiyojulikana itaishaje bado si mswada.
- Wiki mbili za kutougusa kabisa. Mwezi ni bora zaidi. Ukiuhariri ukiwa bado wa moto, utasoma ulichokusudia kuandika badala ya kilichoandikwa.
- Nakala ya akiba. Lipe faili la kwanza jina lenye neno "asili", jitumie kwa barua pepe au liweke kwenye flashi, kisha usiliguse tena.
- Kamusi moja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) inafaa, Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) inafaa. Kamusi hazikubaliani katika kila neno, kwa hiyo chagua moja na uishike mpaka mwisho. Kama unamjua mchapishaji utakayempelekea, muulize wao wanafuata ipi.
- Daftari na kalamu za rangi.
- Nakala ya karatasi, kama mfuko unaruhusu. Stesheneri ukiomba pande mbili za karatasi gharama inapungua. Kama hairuhusu, badilisha fonti na ukubwa wa herufi kwenye skrini. Ukurasa ukikaa tofauti, jicho halitelezi.
- Kompyuta, walau kwa hatua za mwisho. Najua wengi wenu mmeandika kwa simu, na si dhambi. Lakini kupanga kurasa na kutafuta maneno katika faili zima kwa kidole gumba ni mateso.

Hatua ya 1: Soma wote bila kusahihisha

Usirekebishe hata nukta. Weka alama tatu tu pembeni: X pale ulipochoka, ? pale ulipopotea, na ✓ pale uliposahau kwamba ni kazi yako mwenyewe. Maliza kwa siku chache iwezekanavyo, kwa sababu ukisoma sura moja leo na nyingine Jumapili ijayo hutagundua kwamba shangazi alizikwa sura ya nne na sura ya kumi na moja anapika pilau.

Hatua ya 2: Andika mstari mmoja kwa kila sura

Kwenye daftari, kwa kila sura andika: nani yumo, anataka nini, na nini kimebadilika mpaka sura inaisha. Sura isiyobadilisha kitu chochote ina njia tatu tu: ifutwe, iunganishwe na jirani yake, au ipewe tukio. Kwa kawaida wanaoanza wana sura mbili au tatu za namna hii, na mara nyingi ndizo wanazozipenda kuliko zote, kwa sababu zina maelezo mazuri ya kijiji au hotuba ndefu kuhusu ufisadi.

Angalia na mwanzo wako hapahapa. Kama hadithi inafunguka kwa jogoo kuwika, jua kuchomoza na mhusika kujinyoosha kitandani, ruka mbele mpaka pale anapotaka jambo na kuzuiwa. Pengine hadithi inaanzia pale.

*Onyo:* usishughulike na mikato na tahajia kabla ya hatua hii kuisha. Hakuna anayepaka rangi ukuta unaosubiri kubomolewa.

Hatua ya 3: Tengeneza karatasi ya kumbukumbu

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayomfurahisha mhariri kuliko zote. Chukua karatasi, igawe sehemu nne.

*Majina.* Andika kila jina kama linavyotakiwa kuandikwa. Mzee Salum wa sura ya pili huwa Mzee Salim kufikia sura ya tisa, Khadija huwa Hadija, na Mohamedi ana tahajia nne. Andika pia nani anamwitaje nani. Kama kijana anamwamkia mama mkwe "shikamoo" sura ya tatu, asimwite "wewe mama" sura ya tano pasipo ugomvi wa kueleweka.

*Miaka.* Panga mwaka wa kuzaliwa wa kila mhusika na matukio makubwa, kisha piga hesabu. Aliyezaliwa 1970 hawezi kuwa askari katika Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda, vya 1978 hadi 1979. Na kabla ya vita hivyo mkoa wenyewe uliitwa Ziwa Magharibi, haukuitwa Kagera. Mhusika hawezi kutumiwa pesa kwa M-Pesa mwaka 2003, kwani huduma hiyo ilianza Kenya 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Hawezi kupanda basi la mwendokasi pale Kimara, Dar es Salaam, kabla ya 2016. Riwaya ya Kenya inayotokea miaka ya tisini iwe na mikoa na wilaya. Kaunti zimeanza kazi baada ya uchaguzi wa 2013.

*Saa na majira.* Hapa ndipo Kiingereza kinapoingilia dirishani. Basi la alfajiri linaondoka saa 12 asubuhi. Ukiandika "saa 6 asubuhi", abiria wako wamefika stendi na basi halipo. Pitia kila palipo na neno "saa" katika mswada mzima, moja baada ya jingine. Kisha angalia mvua na pepo: masika ni Machi mpaka Mei, vuli ni Oktoba mpaka Desemba, na nahodha anayekwea jahazi Januari anasafiri na kaskazi, si kusi. Kama hadithi ina Ramadhani na mwaka umetajwa, hakikisha iliangukia mwezi gani, maana husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka.

*Lugha.* Andika uamuzi wako: "vilevile" au "vile vile", "kwa hiyo" na si "kwahiyo", "Idd" au "Idi". Andika pia Kiswahili cha mahali. Mtoto wa Mbeya anasoma sekondari na anapanda daladala. Wa Nakuru anasoma shule ya upili na anapanda matatu. Bibi wa Mombasa akisema "mato" badala ya "macho", au "mtele" badala ya "mchele", liandike kwenye karatasi kwamba ni makusudi, la sivyo mhariri mwenye bidii atalisanifisha na bibi atabaki bila mji.

Karatasi hii utaituma pamoja na mswada.

Hatua ya 4: Shughulikia sentensi

Sasa ingia ndani. Usifanye zaidi ya sura moja au mbili kwa siku. Macho yakichoka yanasamehe kila kitu. Tazama aya hii, ya aina ninayokutana nayo sana:

> Asubuhi ya siku iliyofuata Mwajuma aliamka mapema sana na akaanza kujisikia hali ya huzuni kubwa sana ndani ya moyoni mwake kutokana na kitendo ambacho alikuwa amefanyiwa na mume wake usiku wa siku iliyopita. Akainuka kitandani, akavaa kanga, akafungua mlango, akatoka nje, akachota maji, akanawa uso, akarudi ndani.

Na hii baada ya kuhaririwa:

> Kesho yake Mwajuma aliamka kabla ya adhana. Alitandika upande wake wa kitanda. Wa mumewe akauacha ulivyo. Alitoka uani, akachota maji na kunawa.

Kilichofanyika ni nini? "Asubuhi ya siku iliyofuata" imekuwa "kesho yake". Huzuni haitajwi tena, kitanda kinaisema. "Ndani ya moyoni" kilikuwa kilemba juu ya kofia: ukishaweka -ni huhitaji "ndani ya", "katika" wala "kwenye". Ndugu zake ni "katika nyumbani" na "kwenye sokoni", vifute vyote. Na ule msururu wa -ka- umebaki na viwili.

Hapo kwenye -ka- tutulie kidogo, maana ndipo riwaya nyingi zinapolegea. Chukua kalamu ya rangi, upigie mstari kila kitenzi katika ukurasa mmoja. Ukiona -ka- tano au sita zinafuatana, jiulize ni vitendo vingapi kati ya hivyo msomaji anavihitaji. Kufungua mlango na kutoka nje havisemi lolote isipokuwa mlango wenyewe una kisa. Angalia pia kwamba -ka- ina kitu cha kuegemea nyuma yake, kwa kawaida kitenzi chenye -li-. Sura inayoanza moja kwa moja na "Akafika" inaweza kuwa mbinu, lakini sura zote zikianza hivyo ni mazoea.

Halafu tazama kama msimulizi hahami wakati katikati ya aya: "Alifika nyumbani, anafungua mlango, aliingia." Usifute kila -na- utakayoiona, hata hivyo. "Alimkuta analia" ni sahihi kabisa, kilio kinaendelea wakati yule mwingine anafika.

Mambo mengine ya kupitia katika hatua hii:

- "Ambaye" na wenzake. "Mtu ambaye alikuja" andika "mtu aliyekuja". Lakini palipo na -me-, kama "mtu ambaye amekuja", au palipo na "ambaye mkewe ni mgonjwa", iache. Hapo haina mbadala mwepesi.
- Upatanisho. "Gari yangu" na "ng'ombe zangu zimepotea" ziruhusu mdomoni mwa mhusika. Msimulizi aseme "gari langu" na "ng'ombe wangu wamepotea".
- Kiingereza kilichovaa kanzu. "Mkutano ulichukua nafasi Jumatatu" maana yake ulifanyika Jumatatu. "Mwisho wa siku" kama usiku haujaingia, futa.
- Maneno ya kujazia: "kwa kweli", "sana", "ghafla", "basi", "kwa namna moja au nyingine". Ghafla ikitokea kila ukurasa, hakuna tena la ghafla.

*Onyo:* usianze kupamba. Wapo wanaopita na kuongeza methali kila aya ili Kiswahili kionekane kizito. Methali ikitoka kwa mzee anayepatanisha wagomvi inakaa. Ikitoka kwa msimulizi mara tatu kwa sura inachosha.

Hatua ya 5: Winda tahajia kwa orodha

Usiitegemee kompyuta. Kama lugha ya faili ni Kiingereza, kila neno litapigiwa mstari mwekundu na hutaona kosa la kweli katikati ya wekundu huo. Weka lugha ya faili iwe Kiswahili kama programu yako inayo, au zima ukaguzi kabisa. Zima pia urekebishaji wa simu, kabla haujageuza "kama" kuwa "karma".

Hata kikaguzi kizuri hakioni neno lililo sahihi mahali pasipo pake. "Walikutana mahari pa siri" itapita bila kelele, kwa sababu mahari ni neno. Kwa hiyo tafuta mwenyewe, kwa Ctrl na F, jozi hizi moja moja:

mahali na mahari. Kalamu na karamu. Kula na kura. Thamani na samani. Dhana na zana. Huko na uko. Hali, ari na hari.

Kila mtu ana zake kutokana na anakotoka. Kama kwenu r na l hubadilishana, au h hudondoka ("ata" badala ya "hata", "apa" badala ya "hapa"), ziongeze kwenye orodha. Wenye shida ya dh, th na gh waangalie "zambi", "selasini" na "garama". Ukitafuta "ata" weka nafasi kabla na baada yake, vinginevyo utaletewa "bata", "kata" na "watatu" wote.

Ng'ombe, ng'ambo na ng'oa zina ritifaa baada ya g. Tafuta "ngo'" uone kama hukuteleza.

Hatua ya 6: Nyoosha mazungumzo

Kila anayezungumza apate aya yake. Mkato hukaa ndani ya alama za kunukuu, hivi:

"Nitakuja kesho," alisema Mzee Salum. "Mwambie babako asitoke."

Chagua aina moja ya alama na uifuate mwanzo hadi mwisho. "Alisema" inatosha mara nyingi. "Alibwabwaja", "alifoka" na "alinena" zisubiri pale zinapostahili. Kisha funika majina, usome mazungumzo peke yake. Kama hujui nani anasema, wahusika wako wote wana mdomo mmoja.

Hatua ya 7: Soma kwa sauti

Mswada mzima, naam. Pale unapokata pumzi kabla ya nukta, sentensi ni ndefu. Pale ulimi unapokwama, kuna neno halikai. Ukiweza, mpe mtu mwingine akusomee huku wewe ukifuata kwenye karatasi: yeye hajui ulikusudia nini, kwa hiyo atasoma kilichopo. Kijana wa kidato cha nne anafaa kuliko rafiki mwandishi, kwa sababu hatakuonea haya.

Hatua ya 8: Lipange faili

Fuata maelekezo ya mchapishaji kama yapo. Kama hayapo, haya hayamuudhi mtu: karatasi ya A4, Times New Roman ukubwa 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo za sentimita 2.5, namba kila ukurasa, jina lako na kichwa cha mswada juu. Kila sura ianze ukurasa mpya kwa Ctrl na Enter, si kwa kubonyeza Enter mpaka ukurasa uishe. Tumia Ctrl na H kubadili nafasi mbili zinazofuatana ziwe moja, rudia mpaka zisipatikane.

Tuma faili la Word. PDF mhariri hawezi kuiandikia ndani kwa raha, na picha za kurasa za daftari kwenye WhatsApp hazifunguliwi na mtu. Jina la faili liwe lako na la kitabu. "MPYA MPYA final 3" halimsaidii yeyote.

Hatua ya 9: Andika barua fupi

Nusu ukurasa unatosha: kichwa, aina ya kazi, idadi ya maneno, hadithi inahusu nini kwa sentensi tatu mpaka mwisho wake (usimfiche mhariri mwisho), na unachohitaji. Sema wazi kama unataka aangalie muundo, lugha, au prufu (makosa madogo ya mwisho kabla ya kuchapa) tu. Ni kazi tatu tofauti na bei zake ni tofauti. Ambatisha ile karatasi ya kumbukumbu.

Ukikwama

*Nasoma lakini sioni makosa.* Anza sura ya mwisho kurudi ya kwanza, au ndani ya ukurasa soma sentensi ya mwisho kwanza. Hadithi ikivunjika, maneno yanaonekana.

*Kila nikipitia nabadilisha tena.* Kama unarudisha ulichofuta jana, umemaliza. Tuma.

*Mswada umepungua sana baada ya kukata.* Usijaze ili kufikia idadi. Rudi kwenye orodha ya sura uone kama kuna tukio ulilolisimulia kwa mstari mmoja ilhali lilistahili sura.

*Wasomaji wangu wawili wanapingana.* Kama wote wamesimama mahali pamoja, hapo pana tatizo, hata kama dawa walizotoa hazifanani. Dawa itafute mwenyewe.

*Naweza kuipa programu ya akili mnemba iniharirie?* Iombe ikuorodheshee maneno unayoyarudiarudia, na uhakiki kila inachokuambia. Ikikuandikia upya, bibi wa Mombasa na kijana wa Mbeya watatoka wanazungumza kama taarifa ya habari.

*Nimeshatuma, halafu nimeona kosa.* Usitume faili jipya. Mhariri ameshaanza kuweka alama kwenye lile la kwanza, na mafaili mawili yakikutana kazi inaanza upya. Andika kosa, ukurasa wake na sahihisho lake kwenye karatasi moja, subiri wiki moja yakusanyike, kisha tuma orodha hiyo mara moja.